Mtoto wa kiume, wa kike, ama mwenye afya tu: tuchague ama tupokee?

Nawaandikia wale mko katikati, mmeoana ama mko karibu kuoana, na kichwani kuna swali halilali: mtoto anayekuja tumchague ama tumpokee vile atakavyokuja? Wengine mna wasichana wanne na nyumba nzima inangoja mvulana. Wengine mmezika mtoto wa sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na mnaogopa kubeba tena. Na siku hizi kuna wale wameona kwenye simu kliniki za ng'ambo zinaahidi mtoto mrefu mwenye akili. Haya ni maswali matatu mbalimbali ila huku kwetu Malindi na Lamu watu huyatia kapu moja, ndo mana barazani majibu huwa mawili tu, ni haramu yote ama sayansi ishafika nyinyi mmelala, na mwenye shida yake anainuka anaondoka bila msaada.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kumwepushia mtoto maumivu ni jambo moja, kumuagiza mtoto wa aina unayoitaka ni jambo jengine, hata kama mashine inayotumika ni ile ile. Lakini sitawachagulia, manake nimesikia watu wenye imani na akili zao wakifika pahali tofauti na kila mmoja ana sababu ya maana.

Nitakavyopima

Kila njia naipima kwa mambo haya haya. Je inafanya kazi kweli? Mzigo wake unabebwa na nani, mwili wa mama, mtoto mwenyewe, dada zake, watu wa mtaani? Dini na sheria zasemaje? Pesa na safari je, manake mtu wa Faza ama Kizingitini mpaka apande boti, afike Mokowe, achukue basi la Mombasa, si sawa na anayeishi Nairobi kliniki iko mtaa wa pili. Halafu inamfaa nani.

Na kabla ya yote tuelewane hapa, manake bila hili wanawake wataendelea kuonewa. Yai la mama lina kromosomu ya X peke yake. Mbegu za baba ndo ziko za X na za Y, ikitangulia ya Y ni mvulana. Kwa hivyo mavyaa anayemwambia mke wa mwanawe "wewe huzai ila wasichana" anamlaumu asiyehusika. Na baba naye hachagui. Kwa kawaida ya dunia huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100, na mwenye wasichana wanne mimba yake ya tano bado ni karibu nusu kwa nusu, zile nne za nyuma hazimdai wala hazimwongezei kitu.

Njia ya kwanza: kupokea, lakini kwa matayarisho

Watu wakisikia kumwachia Mungu wanadhani ni kukaa tu. Sivyo, na hii ndo njia naona inadharauliwa sana na wale wanaokimbilia mambo makubwa.

Inafanya kazi? Kwa jinsia ya mtoto, hapana, hapo unapokea. Kwa afya yake, inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Chukua sikoseli. Upande wetu wa Kilifi kama watu 15 katika kila 100 wamebeba jeni moja ya sikoseli, wenyewe hawaumwi na wengi hawajui, na sababu ya kuwa wengi hivyo ni malaria, manake mwenye jeni moja anakingwa sana na malaria kali, kwa hivyo miaka na miaka watoto hao ndo waliosalimika. Shida inakuja wakikutana wawili wenye jeni hiyo. Kila mimba, narudia kila mimba, ina robo ya uwezekano wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kabla ya ndoa kinawaambia mko wapi. Saudia wamelazimisha wachumba kupimwa sikoseli na thalasemia, ugonjwa mwengine wa damu wa kurithi, tangu 2004, majibu yakitoka hawakatazwi kuoana ila wanaambiwa wanachoingia. Sisi tuna jamaa zetu wengi huko, tunaiga mabuibui na uudi, kipimo tumekiacha.

Kwa wale wanaoota mtoto mwenye akili, hebu sikieni hili. Mama anayepanga kubeba akitumia foliki asidi maikrogramu 400 kwa siku tangu kabla ya mimba anapunguza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na uti wa mgongo ulio wazi. Na chumvi yenye iodini: watoto waliokulia sehemu zenye upungufu mkubwa wa iodini wamepimwa wakapatikana chini kwa kama pointi 12 za akili kuliko wenzao. Sisi tunaokula samaki na chumvi imetengenezwa hapo Gongoni na Marereni tuko karibu na dawa, angalia tu pakiti iwe imeandikwa iodini. Iwekeni akilini hiyo 12, nitairudia.

Mzigo wake upo pia, tusidanganyane. Majibu ya damu yakija mchumba anaweza kukimbia, na mara nyingi anayebaki na aibu ni msichana, maneno yanapita mtaa mzima ati "ana damu mbaya". Kwa hivyo pimeni mapema kabla ya posa kutangazwa, na majibu yabaki baina ya wawili. Kwa dini na sheria hakuna anayepinga, si sheikh si padri. Pesa ni kidogo ukilinganisha na zote zinazofuata.

Inawafaa wachumba wote, na wanandoa ambao jinsia ya mtoto haiwakoseshi usingizi. Haimtoshi yule ambaye tayari yuko ndani ya ndoa na mwenziwe mwenye jeni ile ile.

Njia ya pili: siku, vyakula na dawa za nyumbani

Hii yajulikana. Kukutana siku fulani ya mzunguko upate mvulana, kula hiki uache kile, kunywa mizizi, na hata huko Marekani daktari Landrum Shettles alieneza hesabu za siku tangu miaka ya 1960 kwa hivyo si mambo ya Afrika peke yake. Mwaka 1995 ulitoka utafiti uliofuata wanawake 221 kule North Carolina kwa makini siku kwa siku, na siku waliyokutana na waume zao haikuwa na uhusiano wowote na jinsia ya mtoto.

Mbona watu wanaapa inafanya kazi? Manake nusu ya watu watapata walichotaka hata wasipofanya kitu. Aliyepata atakusimulia mpaka uchoke, aliyekosa ananyamaza.

Kwa dini, kujaribu siku na vyakula wanazuoni hawana shida nayo, na sheria haigusi. Pesa ni ndogo ila dawa za mizizi zingine mama mjamzito hafai kuzigusa, hapo mzigo ni wake yeye na mimba yake. Na kuna mzigo mwengine, ikikosa anaulizwa "ulihesabu vizuri?", lawama inarudi pale pale. Inamfaa anayejua ni matumaini tu na atafurahi vyovyote vile, wala asilipe mtu anayedai ana uhakika.

Njia ya tatu: kupandikiza mimba na kupima viinitete

Hapa ndo penye mambo. Mama anadungwa sindano za homoni siku kadhaa apevushe mayai mengi, yanatolewa kwa sindano, yanaunganishwa na mbegu za mumewe maabara, baada ya siku tano hivi kila kiinitete, yaani yai lililotungwa likaanza kukua, kinatolewa seli chache zinapimwa, halafu kinarudishwa kile kilichochaguliwa. Mtoto wa kwanza wa kupandikizwa alizaliwa Uingereza 1978, Kenya walizaliwa 2006 Nairobi. Kupima kiinitete kwenyewe kulianza 1990 London kwa kina Alan Handyside, na ilikuwa ni kuchagua jinsia, lakini kwa familia zenye magonjwa ambayo yanawashika wavulana. Mwaka 1999 ikatangazwa mimba ya kwanza iliyofanikiwa kwa wazazi wenye jeni za sikoseli.

Kufanya kazi inafanya. Jinsia inapatikana karibu kwa uhakika, sikoseli pia inaonekana. Isiyo na uhakika ni mimba yenyewe, wengi hawapati kwa mara ya kwanza na umri ukisogea kwenda 40 inazidi kuwa ngumu.

Sasa igawanye mara mbili, manake maadili yake si mamoja.

*Kwa ajili ya ugonjwa.* Wazazi wote wawili wana jeni ya sikoseli, ama mama amebeba hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, ama ugonjwa wa misuli wa Duchenne ambapo kila mtoto wa kiume ana nusu ya uwezekano wa kuumwa. Hapa hata sheria kali zinaruhusu. Mkataba wa Oviedo wa nchi za Ulaya wa 1997 unakataza kuchagua jinsia isipokuwa kuepuka ugonjwa mkubwa wa kurithi unaofuata jinsia. Baraza la Fiqhi la Makkah mwaka 2007 nalo lilisema vivyo hivyo, kuchagua jinsia kwa njia za kitabibu hapana, ila kwa dharura ya magonjwa ya kurithi yanayowapata wavulana ama wasichana, na mambo yawe baina ya mke na mume. Wakatoliki kwao ni mlango umefungwa, Vatikano tangu 1987 imepinga mimba kutungwa nje ya mwili hata kwa nia nzuri, na viinitete vinavyobaki ndo vinawauma zaidi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, ilhali wanazuoni wengi wa Kiislamu wanahesabu roho kupuliziwa baada ya siku 120, kwa hivyo jirani wawili wa Malindi wanaweza kulitazama friza la viinitete wakaona vitu viwili tofauti, na nataka mheshimu hilo, kila mtu aulize dhamiri yake viinitete visivyotumika vitaenda wapi kabla ya kusaini karatasi. Mswada wa mbunge Millie Odhiambo wa kusimamia haya mambo umezunguka bungeni kwa miaka, ulizeni sheria imefika wapi siku mnayoenda.

Kuna sauti nyingine ambayo haisikizwi. Watu wanaoishi na sikoseli wako kati yetu, wanasoma, wanafanya kazi, wanaolewa, na wakisikia "tuhakikishe hawazaliwi wa namna ile" inawachoma. Wana haki. Kutaka mtoto asiumwe hakumaanishi aliyeko si wa thamani, lakini lazima tuonyeshe kwa vitendo, kwa mfano watoto wapate haidroksiyurea, dawa ya sikoseli. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, na matokeo ya 2019 yalionyesha maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, hata malaria na vifo.

*Kwa kutaka mvulana ama msichana tu.* Nitawatendea haki wanaotaka. Hoja yao ya kwanza: ni uzazi wetu, hatumuumizi mtu, tuna wasichana watatu tunawapenda tunataka tuonje kulea mvulana. Marekani inaruhusiwa kwa msingi huo. Hoja ya pili ina uzito zaidi kwetu: mwanamke anabebeshwa mimba ya sita ya saba kwa kutafutiwa mvulana, na kwa sensa ya 2019 Kenya ilikuwa inapoteza kina mama 355 kwa kila vizazi hai 100,000. Kama kuchagua mara moja kutamwepusha na mimba tatu za hatari, si ni huruma? Hoja hii siwezi kuipuuza.

Upande wa pili ni hivi. Mwaka 1990 mchumi wa India Amartya Sen aliandika kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 hawapo duniani, yaani wangekuwa hai kama wangethaminiwa sawa. Korea Kusini mwaka huo huo ilikuwa inazaa wavulana zaidi ya 116 kwa wasichana 100. India walitunga sheria 1994 kukataza kuchagua, na bado wasichana wadogo wakashuka kutoka 945 kwa wavulana 1,000 mwaka 1991 hadi 927 mwaka 2001. Uingereza na Canada nazo zimekataza. Mtu ataniambia hapa Kenya hatujafika huko, kliniki chache na bei ni kubwa haziwezi kubadilisha hesabu ya nchi, na ni kweli. Mimi kinachonisumbua ni kidogo zaidi ya nchi, ni chumba kimoja: wale wasichana wanne wakijua baba aliuza shamba ili wa tano asiwe kama wao. Quran katika Suratun Nahl inawakemea wale ambao nyuso zao zilisawijika wakibashiriwa mtoto wa kike, na hilo lilikuwa kabla ya maabara yoyote.

Halafu tazama chini ya hilo tamaa kuna nini. Mara nyingi ni mirathi. Kwa sharia ya Kiislamu mtu akiacha mabinti wawili ama zaidi bila mvulana wanachukua theluthi mbili, mabaki baada ya wenye mafungu wengine yanaenda kwa jamaa wa upande wa baba kama ndugu zake, na watu wanaogopa nyumba kuingiliwa na ami zao. Lakini dawa yake ipo na si maabara. Hiba ukiwa hai, wakfu, mambo ya kuandikwa kwa kadhi. Wazee wa Lamu walilijua hili, katika zile nyumba za mawe binti akiolewa anapewa nyumba ama anajengewa ghorofa juu ya mamake, mume ndo anayehamia. Mji ambao nyumba zake zinakaa mikononi mwa wanawake unasemaje hauwezi kuishi bila mvulana? Na kwa ndugu zetu wasio Waislamu, Sheria ya Urithi ya Kenya inagawa sawa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike.

Pesa: ni laki kadhaa kwa jaribio moja, kupima viinitete ni juu ya hapo, safari na kulala mjini ni juu ya hapo tena. Mwili unaochomwa sindano ni wa mama, na kuna hatari ya mayai kuchochewa kupita kiasi mpaka alazwe. Inawafaa wazazi wenye jeni za ugonjwa mzito wanaoweza kumudu na dini yao inawaruhusu, na wale ambao tayari wanapandikiza kwa sababu ya utasa. Kwa jinsia peke yake inamfaa mtu adimu, ambaye mke ametaka mwenyewe bila kusukumwa na mabinti waliopo hawatalipia.

Wengine watauliza, si kuna skani, tuone halafu tuamue? Skani ni ya kuangalia afya. Kutoa mimba sababu ni msichana, Katiba hairuhusu, kifungu kile kile cha 26 kinataja dharura na hatari kwa maisha ama afya ya mama, na hapa sina mizani ya pande mbili, ni dhuluma.

Njia ya nne: kumboresha mtoto

Ziko mbili. Moja ni kupanga viinitete kwa alama za jeni, huyu atakuwa mrefu, huyu ana akili. Watafiti walipiga hesabu 2019: ukiwa na viinitete 10 ukachagua chenye alama ya juu, faida yake kwa wastani ni kama sentimita 2.5 za urefu ama pointi 2.5 za akili. Kumbukeni ile 12 ya chumvi. Na alama zenyewe zimetengenezwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya, kwa Mswahili wa Pate ama Mgiriama wa Ganda zinakosea zaidi.

Ya pili ni kuhariri jeni zenyewe. He Jiankui wa China alitangaza Novemba 2018 kwamba amezalisha mapacha waliohaririwa jeni ya CCR5 ati wasishikwe na virusi vya ukimwi. Dunia ilishtuka, mabadiliko hayakuwa yale aliyokusudia sawasawa, na yakirithiwa yanaenda kwa wajukuu ambao hakuna aliyewauliza. Mwisho wa 2019 alihukumiwa jela miaka mitatu.

Anayeitetea zaidi fikra hii ya kuchagua ni mwanafalsafa Julian Savulescu, tangu 2001 anasema mzazi akiweza kuchagua mtoto mwenye nafasi bora ya maisha basi afanye hivyo, na ukitazama tunawalipia watoto tuisheni na chuo kwa nia hiyo hiyo. Mwanafalsafa wa Ujerumani Jürgen Habermas yeye aliandika kwamba aliyepangwa na mwengine hawezi kuyaona maisha yake kuwa ni yake sawasawa. Mimi naegemea kwa Habermas, manake tuisheni mtoto anaweza kuikataa, jeni hawezi. Kwa dini hali ni ngumu, wanazuoni wengi wanatenganisha kutibu na kubadilisha umbile. Bei ni ya ng'ambo. Inamfaa nani leo? Kwa kweli simuoni, isipokuwa mtu ambaye tayari anapima viinitete kwa ugonjwa na ameongezewa taarifa hizo, naye azichukue kwa wasiwasi.

Kulingana na hali yenu

Mko wachumba: nendeni mkapime sikoseli kabla ya maneno kufika kwa wazee. Mkikutwa wote mna jeni, kaeni na mtu wa afya awaeleze hiyo robo vizuri, wengine huendelea na ndoa kwa macho wazi, wengine huachana kwa heshima, zote ni sawa.

Mko ndani ya ndoa na wote mna jeni: njia ya tatu kama mnaweza na dhamiri inakubali, ama mzae na mtoto apimwe mapema akizaliwa, aanze kliniki na dawa bila kungoja maumivu. Hii ya pili si kushindwa.

Mna hemofilia ama Duchenne kwa upande wa mama: hapa kuchagua jinsia kuna sababu ya kweli, lakini ulizeni kama kiinitete kinaweza kupimwa ugonjwa wenyewe badala ya kuwaondoa wavulana wote.

Mnataka mvulana tu: kabla ya kuuza kitu chochote, mume na mke kila mmoja peke yake aandike anataka mvulana kwa ajili ya nini. Ikitoka mirathi, nendeni kwa kadhi ama wakili. Ikitoka maneno ya watu, maneno hayaishi kwa kuzaa mvulana, wataanza kuuliza wa pili yuko wapi.

Umevutiwa na mtoto wa alama za juu: foliki asidi, iodini, neti, kliniki ya wajawazito, kisha vitabu nyumbani.

Na wewe dadangu unayesukumwa na mavyaa na mawifi ubebe tena, mwambie mumeo yeye ndo akaongee na mamake, amweleze ile X na Y kwa mdomo wake mwenyewe, wewe usitumwe. Mimba nyingine ikiwa mmekubaliana wote wawili basi iwe baada ya miaka miwili mwili upumzike, na kabla ya kubeba upimwe presha na wingi wa damu.